Nani Anahesabu Ndani ya Kinanda?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, bweni la wavulana, Nsemulwa

Muhula huu palitokea jambo dogo katika kwaya ya shule yetu hapa Nsemulwa, nalo likaniletea kwanza ugomvi na rafiki yangu, kisha likaniletea elimu. Kwa kuwa ugomvi umekwisha na elimu imebaki, nimeona si vyema kuila peke yangu kama mtu mwenye mkate chini ya shuka.

Jambo lenyewe ni hili. Kwaya yetu ilipata kinanda cha umeme. Tangu Kidato cha Pili mimi ndiye niliyekuwa mpiga ngoma wa kwaya, na ngoma ile tuliiwamba wenyewe, wanafunzi watatu, jua likituchoma mgongoni. Kinanda nacho ukibonyeza kitufe kimoja tu hutoa ngoma, kayamba na gitaa la besi kwa pamoja, wala hakichoki, wala hakisahau. Mwalimu wa kwaya akasema tukitumie katika mahafali, na ngoma iwekwe stoo. Sikujibu neno, kwani mkubwa hajibiwi ovyo, lakini moyo uliniuma.

Tukaanza mazoezi. Nyimbo mbili zilikwenda vizuri sana. Wa tatu ulikuwa wimbo wa mavuno, ambao niliuleta mimi kutoka kijijini, kando ya Mto Katuma, nilikofundishwa na babu yangu. Wimbo ule ukakataa. Waimbaji walianza sawa na kinanda, lakini baada ya mistari miwili wakawa kama mtu aliyevaa viatu viwili vya mguu wa kushoto. Rafiki yangu, ambaye ndiye mpiga kinanda, alisema kosa ni la waimbaji. Mimi nikasema kosa ni la mashine, tena nikaongeza maneno ambayo sitayaandika hapa. Tukanuniana siku nne, na vitanda vyetu bwenini vinatazamana.

Mwalimu wa Fizikia alipopata habari hakutugombeza. Alituuliza swali moja tu: "Kinanda hakina masikio wala mikono. Nani basi anahesabu humo ndani?" Hatukuweza kujibu. Akasema, "Kumbe mnagombana juu ya mtu msiyemjua." Akatupa kazi ya kumtafuta huyo mhesabuji, naye akatusaidia kwa vitabu vyake na kwa kompyuta ya shule. Haya ndiyo tuliyoyapata.

SAUTI INAYOZALIWA NA UMEME

Kila sauti ni mtetemo. Ngozi ya ngoma hutetema, waya wa zeze hutetema, na koo la mwimbaji hutetema. Mitetemo ikiwa michache kwa sekunde, sauti huwa nene. Ikiwa mingi, huwa nyembamba. Sauti ambayo wanamuziki wengi huitumia kulinganisha vyombo vyao ina mitetemo 440 kwa sekunde. Ukiizidisha mara mbili, ukapata 880, wasikia sauti ileile lakini ya juu, kama baba na mtoto wake mdogo wakiimba wimbo mmoja. Umbali huo huitwa oktavi, na katika vinanda hugawanywa katika ngazi 12.

Mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme huitwa sinthesaiza. Zile za zamani zilikuwa na sehemu kubwa tatu. Sehemu ya kwanza huzaa mtetemo, yaani huufanya umeme uende na kurudi mara nyingi kwa sekunde. Ya pili ni chujio. Hufanya kazi kama chekeche, ambalo hupitisha unga na kuzuia chenga. Chujio hupitisha mitetemo fulani na kuzuia mingine, na kwa njia hiyo sauti huwa kali au pole. Ya tatu ni kama mlango. Ukifunguliwa ghafla na kufungwa upesi, wapata sauti ya kugonga kama ya ngoma. Ukifunguliwa polepole, wapata sauti inayokua kama ya filimbi. Baada ya hapo umeme hupelekwa kwenye spika, nasi twasikia.

Lakini ni nani huziambia sehemu hizi zifanye nini? Hapa ndipo palipokuwa na ugunduzi mkubwa. Mwaka 1964 mhandisi wa Marekani, Robert Moog, akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, alitengeneza vyombo ambavyo sauti yake ilitawaliwa na volti. Miaka hiyohiyo Don Buchla naye alikuwa akifanya kazi kama hiyo huko California. Kabla yao, katika miaka ya 1940, Hugh Le Caine wa Kanada alikwisha kulijaribu wazo hilo. Mpigaji hakuwa tena na haja ya kugusa waya wala ngozi. Volti ikipanda, sauti hupanda. Volti ikishuka, sauti hushuka.

Kanuni ya Moog ilikuwa volti 1 kwa kila oktavi. Tuchukue mfano. Tuseme volti 2 zatoa mitetemo 220 kwa sekunde. Basi volti 3 zitatoa 440, na volti 4 zitatoa 880. Kila ukiongeza volti moja, mitetemo huzidishwa mara mbili. Na kwa kuwa oktavi ina ngazi 12, ngazi moja ni volti 1 kugawanya kwa 12, yaani kiasi cha volti 0.083. Tazameni jinsi kipimo hiki kilivyo kidogo! Kosa dogo kama hilo latosha kuitoa sauti nje kwa ngazi nzima. Tena joto hubadilisha tabia ya transista, kwa hiyo mashine zile zilikuwa na desturi ya kuhama sauti zenyewe chumba kikipata joto. Mwalimu alisema kwamba kuitunza mashine ya namna hiyo hapa Mpanda mwezi wa Oktoba ingekuwa kazi ya mtu mzima kutwa nzima.

VYUMBA NANE VYA SIKWENSA

Sasa twakaribia kwa mhesabuji wetu. Ikiwa volti yaweza kuamuru sauti, basi yawezekana kupanga volti kadhaa katika mstari na kuzitoa moja baada ya nyingine bila mtu kugusa kitu. Chombo kinachofanya hivyo huitwa sikwensa. Ile maarufu ya Moog, namba 960, ilikuwa na nobu 24 zilizopangwa katika mistari mitatu, kila mstari nobu nane. Kila nobu ni kama chumba kilichowekewa volti yake. Ndani yake mna saa ya umeme, si saa ya kusoma wakati, bali ya kugonga mapigo yaliyo sawasawa, kama magurudumu ya treni yetu ya Kaliua na Mpanda yanavyogonga kwenye maungio ya reli. Kila saa inapogonga, mashine huhama chumba kimoja kwenda cha pili. Ikifika cha nane hurudi cha kwanza.

Tufanye hesabu. Tuseme wimbo una mapigo 120 kwa dakika, na kila pigo limegawanywa katika vyumba vinne. Basi mashine hupita vyumba 480 kwa dakika, ambavyo ni vyumba 8 kwa sekunde. Maana yake mzunguko wote wa vyumba nane huisha kwa sekunde moja tu, kisha huanza tena, na tena, hadi mtu aizime.

Jambo moja zaidi, nalo nawaombeni mlishike, maana nitalirudia. Chini ya kila chumba cha mashine ile palikuwa na swichi. Iliweza kuiambia mashine ikipige chumba hicho, au ikiruke, au isimame hapo. Ukiamuru viwili virukwe, mzunguko wa nane wageuka kuwa wa sita.

WAZO SI GENI

Mtu angedhani kwamba mambo haya yalianza Marekani. Sivyo. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, ndugu watatu walioitwa Banu Musa walieleza chombo cha maji kilichopiga filimbi chenyewe. Ndani yake mlikuwa na gogo la mviringo lenye vijiti; gogo likizunguka, vijiti hufungua na kufunga matundu ya filimbi. Ukihamisha vijiti, wimbo hubadilika. Gogo lile lilikuwa sikwensa kamili, ila halikuwa na umeme.

Na jirani zetu wa Buganda walikuwa na mpango wa kuhesabu pasipo mashine yoyote. Wana marimba makubwa yanayoitwa amadinda, yenye mbao 12, ambayo hupigwa na watu watatu. Wawili huketi wakitazamana. Wa kwanza hupiga mapigo yaliyo sawasawa, na wa pili huingiza yake katikati ya yale ya mwenzake, kama meno ya zipu. Tuseme wa kwanza anapiga sauti 1, 3, 5, na wa pili anapiga 4, 2, 1. Msikilizaji hasikii watu wawili. Asikia mstari mmoja unaokwenda mbio: 1, 4, 3, 2, 5, 1. Wa tatu hukaa na mbao mbili za juu kabisa, akiokota sauti fulani kutoka katika mstari huo na kuzing'arisha.

Mwaka 1959 kijana mmoja wa Austria, Gerhard Kubik, alifika Kampala akafundishwa amadinda na Evaristo Muyinda, mwanamuziki mkubwa aliyekuwa akipiga katika jumba la Kabaka. Kubik aliandika miziki hiyo kwa namba 1 hadi 5, na nukta mahali pasipopigwa. Nilipoutazama mfano wa maandishi hayo nilishangaa, kwa maana mtu aliyezoea sikwensa angedhani ameandikiwa maagizo ya mashine yake. Mwalimu alitueleza kwamba hapa hatupaswi kusema amadinda ilizaa sikwensa, maana hilo si kweli. La kweli ni kwamba watu wawili walio mbali wakiwa na kazi moja ya kuhesabu, huenda wakafika kwenye njia moja.

Hata ule muziki wenyewe wa umeme ulikutana na ngoma za Afrika mapema sana. Mwaka 1944, mjini Cairo, kijana aitwaye Halim El-Dabh aliazima kutoka kituo cha redio mashine ya kunasa sauti kwa waya. Alinasa sauti za zaar, yaani ngoma za pepo za wanawake, kisha akazibadilisha studioni kwa mwangwi na kwa kuzichuja, mpaka zikawa kitu kipya. Kazi hiyo ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za muziki wa umeme duniani. Ilitangulia kwa miaka minne majaribio mashuhuri ya Pierre Schaeffer mjini Paris, ya mwaka 1948.

Baadaye El-Dabh alikwenda New York, akafanya kazi katika studio ya vyuo vikuu vya Columbia na Princeton. Katika studio hiyo, mwaka 1957, iliwekwa mashine kubwa ya kampuni ya RCA, iliyojaa vali kama redio za zamani na kuchukua ukuta mzima wa chumba. Haikupigwa kwa vidole. Mtunzi alitoboa matundu katika utepe mpana wa karatasi, na kila tundu likawa amri: sauti ipi, nguvu kiasi gani, kwa muda gani. Kisha El-Dabh akarudi Afrika. Tangu mwaka 1962 hadi 1964 alifundisha mjini Addis Ababa, na mwaka 1963 akasaidia kuanzisha Orchestra Ethiopia, kundi lililokusanya krar, masenqo, washint na vyombo vingine vya nchi hiyo. Twaona basi kwamba mtu aliyezijua mashine kubwa za wakati wake hakuvidharau vyombo vya wazee. Habari hii iliniingia sana moyoni.

MASHINE ZISIZOELEWANA

Mashine za volti zilienea. Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa sahani ya Switched-On Bach, iliyopigwa kwa sinthesaiza ya Moog, na watu wengi wakaamini kwa mara ya kwanza kwamba chombo hicho chaweza kupiga muziki wa kweli. Kazi yake ilikuwa ngumu, kwani mashine ile ilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja. Ilimpasa anase mstari mmoja katika utepe, kisha wa pili juu yake, mpaka wimbo ukamilike. Mwaka 1970 ikaja Minimoog, iliyoweza kubebwa na mtu mmoja. Mwaka 1977 kampuni ya Roland ya Japani ikatoa MC-8, sikwensa yenye kompyuta ndogo ndani yake, iliyoweza kukumbuka noti zaidi ya 5,000. Mtunzi aliingiza namba kwa vitufe kama vya kikokotoo. Kila noti ilihitaji namba tatu: urefu wa sauti, muda hadi noti inayofuata, na muda wa mlango kubaki wazi.

Lakini palikuwa na tatizo kubwa. Makampuni hayakukubaliana juu ya kanuni. Moog na Roland walitumia volti 1 kwa oktavi. Baadhi ya mashine za Korg na Yamaha zilitumia kanuni nyingine, ambayo kupanda oktavi moja kulitaka volti zizidishwe mara mbili. Tuirudie hesabu yetu. Katika kanuni hiyo ya pili, tuseme volti 2 zatoa mitetemo 220. Basi volti 4 zatoa 440, na volti 8 zatoa 880. Sasa peleka volti 3 katika mashine zote mbili. Ya kwanza itatoa 440, ya pili itatoa 330! Amri ni moja, mwenye kuamuru ni mmoja, lakini wimbo umeharibika. Wala hakuna mashine iliyokosea. Kila moja ilihesabu sawasawa kwa kanuni iliyofundishwa.

Nilipofika hapa katika kusoma, nilimtazama rafiki yangu, naye akanitazama. Hapo tulikuwa bado hatujasalimiana vizuri.

Ugomvi wa mashine ulisuluhishwa mwaka 1983, kwa juhudi hasa za Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland. Makampuni yalikubali lugha moja iitwayo MIDI. Tangu hapo hakikutumwa tena kiasi cha volti bali namba. Sauti yetu ile ya mitetemo 440 ni namba 69 katika mashine zote, iwe ya Japani au ya Marekani.

VINANDA VIDOGO VYA DAR ES SALAAM

Mashine nilizozitaja zilikuwa ghali mno, na watu wa kwetu wengi hawakuziona. Kilichotufikia ni kinanda kidogo. Kampuni ya Casio ya Japani ilianza kuuza vinanda mwaka 1980, na mwaka 1981 ilitoa kimoja kiitwacho VL-1, kidogo kama rula pana, kilichokuwa kikokotoo pia, na chenye sikwensa ya noti 100. Miaka ilipopita, vinanda vidogo vya Casio vikafika mikononi mwa vijana wa Dar es Salaam, nao wakavitumia katika mchiriku. Kundi la Jagwa Music la Mwananyamala, lililoanza mwaka 1992, lilipata sifa hata Ulaya kwa kinanda kama hicho kilichopitishwa katika vikuza sauti vikuukuu.

Yafaa tutazame walivyofanya. Hawakuzitupa ngoma zao ili kinanda kiwapigie. Waliziweka ngoma pande zote, na kinanda kikaingia katikati kama mgeni aliyekaribishwa uani: akae, ale, lakini afuate desturi za nyumba. Leo vijana wa singeli, katika jiji hilohilo, huipanga miziki yao kwa kompyuta, kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika. Nao pia ni watu wa kuhesabu.

JARIBIO LETU LA CHUPA

Mwalimu alisema kwamba asiyejaribu hajui. Jumamosi moja, nyuma ya bweni, tukatengeneza sikwensa ya watu. Wanafunzi wanane walikaa duara, kila mmoja akiwa na chupa ya soda yenye maji na kijiko. Chupa ikigongwa kwa kijiko, maji yakiwa mengi sauti huwa nene, na yakiwa machache sauti huwa nyembamba. Rafiki yangu alizunguka ndani ya duara kwa mwendo ulio sawa, akimgusa bega kila mmoja kwa zamu. Aliyeguswa alipiga mara moja. Hivyo rafiki yangu alikuwa saa, chupa zilikuwa sehemu ya kuzaa mtetemo, maji yalikuwa volti, na wanafunzi wanane walikuwa vyumba nane. Duara likaimba. Wapishi walitoka jikoni kuja kutazama.

Nikaanza kuimba wimbo wa babu juu ya duara lile. Ukakataa, vilevile kama kwenye kinanda. Tukaongeza mwendo, ukakataa, tukapunguza, ukakataa. Mara kengele ya zamu ya maji ikalia, na wanafunzi wawili wakaweka chupa chini wakaenda. Rafiki yangu, kwa kuwa mkaidi, hakusimama. Aliendelea kuwazunguka sita waliobaki. Nami nikaendelea kuimba kwa mazoea tu, na wimbo ukakaa! Ulikaa kama mfuniko juu ya chungu chake. Tukasimama wote tukicheka, kisha tukakimbilia chaki.

Siri ni hii. Wimbo wa babu una mapigo manne, na kila pigo limegawanywa katika vipande vitatu. Jumla ni 12. Mtindo tuliouchagua katika kinanda una mapigo manne pia, lakini kila pigo limegawanywa katika vipande vinne. Jumla ni 16. Kwenye pigo kubwa hukutana, na ndiyo maana mwanzoni waimbaji hawakuona kosa. Katikati ya mapigo hugongana. Sita huingia mara mbili katika 12. Nane huingia mara mbili katika 16. Mashine nyingi za mapigo zimefuata hesabu ya 16. Roland TR-808 ya mwaka 1980 ilikuwa na vitufe 16 katika mstari mmoja, ingawa hata hiyo ilikuwa na swichi ya kubadili mgawanyo kwa yule aliyejua kuitumia. Na Moog 960, kama nilivyosema, ilikubali kuruka vyumba viwili.

Basi mhesabuji wa ndani ya kinanda tumempata. Ni mtu. Ni yule fundi aliyekaa mahali fulani akaamua kwamba kila pigo ligawanywe kwa nne. Mashine haikukosea, wala waimbaji hawakukosea. Mmoja alihesabu kwa nne, mwingine kwa tatu, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

TULIVYOPATANA

Jumatatu tulikwenda pamoja kwa Mwalimu wa kwaya, tukamwonyesha hesabu ubaoni na kumwimbia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba katika wimbo wa tatu mapigo ya kinanda yazimwe, rafiki yangu apige sauti tu kwa vidole vyake, na ngoma itoke stoo. Nyimbo mbili za kwanza zitabaki na mashine, nami nitasimama na waimbaji wa besi. Sikuzifurahia sana hizo mbili, lakini ni haki.

Yabaki jambo moja ambalo ningependa kulificha, lakini makala ya elimu haifichi. Rafiki yangu alikiweka kinanda kitoe mapigo matupu, akaniambia nipige ngoma ya wimbo wote, naye akapima mwendo mwanzoni na mwishoni. Nilianza na mapigo 96 kwa dakika, nikamaliza na 112. Mimi niliyeilaumu mashine kwa kutojua kuhesabu, nilikuwa nikikimbia wimbo mzima bila kujua. Tangu siku hiyo nafanya mazoezi na kile kinanda nilichokitukana, robo saa kila jioni kabla ya prepu. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka; nami naongeza kwamba mpigaji akijisifu sana hupotea.

Wanafunzi wenzangu, msiiogope mashine wala msiiabudu. Ulizeni imefundishwa kuhesabu nini, na nani aliyeifundisha. Nanyi mnaokwenda likizo, kaeni na wazee, mhesabu ngoma zao kwa vidole, na kuziandika kwa namba na nukta. Babu yangu hajui volti, lakini kumi na mbili zake hazijapotea hata siku moja. Wazazi mtakaokuja katika mahafali, tafadhali sikilizeni wimbo wa tatu. Mkiona kwamba ngoma inakwenda mbio kuliko kinanda, mjue kosa ni langu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika kanuni ya volti 1 kwa oktavi, ikiwa volti 2 zatoa mitetemo 220 kwa sekunde, volti 5 zitatoa mitetemo mingapi?

2. Katika kanuni ile nyingine, ikiwa volti 2 zatoa 220, volti 5 zitatoa mingapi?

3. Wimbo una mapigo 100 kwa dakika, na kila pigo lina vipande vitatu. Sikwensa itapita vyumba vingapi kwa sekunde moja?

4. Mtu mmoja anapiga kwa 12 na mwingine kwa 16 katika muda uleule. Je, mapigo yao yatakutana mara ngapi?

Majibu: 1,760, 550, 5, na 4. Aliyekosa la nne aje nyuma ya bweni Jumamosi na chupa yake.